Kioo Kutoka Chini ya Mita 2,000: Menengai na Elimu ya Kuchimba Mvuke

Kisima cha nne, MW-04, ndani ya kaldera ya Menengai (shimo pana la volkano iliyoporomoka, jirani na mji wa Nakuru), kiliishia mahali ambapo wachimbaji wa mvuke nchini Kenya hawakuwa wamewahi kufika. Kilipovuka mita 2,000 mabomba yalikwama, na kwenye chengachenga za mwamba kikapatikana kioo: kibichi, kinachong'aa, chenye ncha kali, kisichoonyesha dalili yoyote ya kuliwa na mvuke. Kioo cha namna hiyo hakidumu kwenye mwamba wenye moto na maji. Baada ya muda hugeuka kuwa udongo na madini mengine. Kukikuta kikiwa safi maana yake ni kwamba muda mfupi kabla ya hapo kilikuwa mwamba ulioyeyuka, na maji baridi ya kuchimbia ndiyo yaliyokigandisha. Biti, ile ncha inayokata mwamba, ilikuwa imegusa magma. Joto lililopimwa kwenye kisima hicho baadaye lilikaribia nyuzi 400 za Selsiasi.

Kisa hiki kimesimuliwa sana kama ajabu ya maumbile. Nami naikubali ajabu hiyo, ila nataka tukitazame kama kisa cha kampuni inayojifunza kazi. GDC, shirika la serikali la kustawisha jotoardhi, liliundwa 2008 na kuanza kuchimba Menengai Februari 2011. Rigi zake, yaani mitambo ya kuchimbia, zilikuwa mpya, zimepewa majina ya wanyama wetu, Simba na Kifaru. Wataalamu wake wengi wa mwanzo walitoka KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, na mikono yao ilikuwa imezoea Olkaria, upande wa Naivasha wa kaunti hii hii ya Nakuru. Kwa hiyo palikuwa na mashine mpya, watu wenye uzoefu na mwamba mgeni. Swali langu ni hili: katika hali kama hiyo, uzoefu hukaa wapi? Kwenye mashine, kwa watu, kwenye mwamba au kwenye karatasi?

Tuanze na walichokuwa nacho mkononi.

Kenya haikuanza kuchimba mvuke juzi. Visima viwili vya kwanza vya Olkaria, X-1 na X-2, vilichimbwa kati ya 1956 na 1958, na kirefu zaidi kati yake hakikufika mita 1,000. Joto lilikuwapo lakini mvuke wa kudumu haukutoka, kazi ikaachwa kwa miaka zaidi ya kumi. Iliporejewa kuanzia 1970 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, kisima OW-1 nacho kilifika takriban mita 1,000 na hakikufaa kitu. OW-2, kilichopita mita 1,300, ndicho kilichofungua njia. Baada ya hapo Olkaria I ikawashwa hatua kwa hatua, megawati (MW) 15 mwaka 1981, nyingine 15 mwaka 1982 na nyingine 15 mwaka 1985. Hesabu hiyo inastahili kukumbukwa kila anapotokea mtu wa kulalamika kwamba kampuni fulani imechimba visima vitatu na bado haijauza umeme. Olkaria ilihitaji robo karne kutoka shimo la kwanza hadi taa ya kwanza.

Kisha mbinu zikabadilika. Kuanzia 2007, wachimbaji wa kukodiwa kutoka China walipokuja na rigi kubwa, visima vya Olkaria vilianza kufika takriban mita 3,000, na vingi vikachimbwa kwa mshazari: unaanza wima, halafu ukiwa chini unakielekeza kisima upande unaotaka. Faida yake si ya uhandisi peke yake. Sehemu kubwa ya uwanja ule imo ndani au kandokando ya Mbuga ya Hell's Gate, na kisima cha mshazari kinakuwezesha kuweka vinywa kadhaa vya visima kwenye kiwanja kimoja badala ya kukata barabara na kusawazisha ardhi kila mahali penye mvuke chini yake. Mbinu nyingine iliyopokelewa ni kuchanganya maji ya kuchimbia na hewa na povu ili yawe mepesi. Maji mepesi hayaingii kwa nguvu kwenye nyufa za mwamba, hurudi juu na chengachenga zake, na hayazibi njia zile zile zitakazoleta mvuke kesho. Visima vilivyochimbwa hivyo Olkaria vilitoa zaidi kuliko vile vya jirani vilivyochimbwa kwa maji matupu. Hilo ni somo kubwa, kwa sababu lilionyesha kwamba namna ya kuchimba inaamua pia kiasi cha umeme, wala si gharama peke yake.

Mzigo huo wote wa maarifa ndio uliopanda kutoka Naivasha kuja Menengai. Hata muundo wa kisima ulikuja karibu ulivyo: kesingi, yaani bomba la chuma la kushikilia kuta za kisima, ya inchi 20 kwa makumi ya mita za juu, ya inchi 13 na 3/8 hadi mita mia tatu hivi, ya inchi 9 na 5/8 kuizuia sehemu ya baridi, na chini kabisa bomba lenye matundu la inchi 7 ambamo mvuke unaingia.

Mwamba wa Menengai haukuupokea mzigo huo kirahisi. Anayesimama kwenye ukingo wa kaldera, pale watu wa mjini wanapopanda Jumapili kupiga picha, anaona chini uwanja mweusi wa mawe yaliyovurugika. Hizo ni lava changa zilizomwagika baada ya kaldera kuporomoka, tabaka juu ya tabaka, na kati ya tabaka na tabaka kuna mawe yaliyovunjika, mapango madogo na nyufa. Mtu wa miguu hujikwaa tu. Drila, fundi anayeendesha rigi, hukutana nayo kwa mamia ya mita kwenda chini, na huko ndiko Menengai ilikowafundisha watu kazi kabla ya magma yoyote.

Nieleze kwa karibu, maana asiyejua usiku wa rigi hataelewa kwa nini uzoefu huu una thamani. Chukua zamu moja, saa nane za usiku, biti ikiwa mita mia tatu na kitu. Drila ana geji tatu za kutazama: uzito unaoning'inia kwenye ndoano, presha ya pampu, na nguvu inayozungusha mabomba. Pampu inasukuma lita 2,500 kwa dakika. Kwenye chekeche, mahali maji yanaporudi na chengachenga, kuna kijana mwenye vifuko vya sampuli. Kila mita mbili anachota, anaosha, anaandika kina, anampelekea mwanajiolojia aangalie kwa hadubini. Ghafla chekeche linakauka. Kijana anapaza sauti: "Mkubwa, maji hayarudi!"

Kuanzia dakika hiyo mambo mawili yamepotea pamoja. Maji yanaingia kwenye ufa, na hakuna kinachoyarudisha. La pili ni ushahidi: chengachenga nazo zimekwenda na maji, kwa hiyo mwanajiolojia hana tena cha kuweka chini ya hadubini. Unachimba kwa upofu. Biti inasaga mwamba, unga wake haupandi, unarundikana juu ya biti na kuzunguka mabomba mazito. Drila mwenye uzoefu huusikia mrundikano huo kabla hajauona: nguvu ya kuzungusha inapanda kidogo, inashuka, inapanda tena, akiinua mabomba mita moja, ndoano inasema uzito umezidi. Huyo atasimama, atazungusha maji, atasukuma matope mazito ya kufagia, atainua na kushusha mpaka pawe huru. Asiye na uzoefu huongeza uzito ili amalize mita zake za zamu. Alfajiri mabomba yamekwama, na yanaweza kukwama siku nyingi. Yakikatika, ni kuvua vyuma kutoka shimo usiloliona, na wakati mwingine ni kumwaga simiti juu yake na kuchimba njia nyingine pembeni.

Dawa za maji kupotea zinajulikana: kuziba ufa kwa vitu vya nyuzinyuzi, kumwaga simiti na kusubiri saa kadhaa igande, kuingiza hewa na povu, au kukubali kuendelea kwa upofu kwa tahadhari. Shida ni kuchagua. Simiti kwenye ufa mpana hupotea kama maji yalivyopotea. Unaimwaga mara ya pili, ya tatu, na kila mara rigi imesimama huku malipo yanaendelea. Kwa mtu wa Nakuru kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye bajeti ya kisima. Lita 2,500 kwa dakika, zikipotea mchana na usiku, ni lita milioni 3.6 kwa siku. Hapa chini mjini, Rhonda na Kaptembwo, mama ananunua maji kwa mtungi wa lita 20. Sisemi kisima cha mvuke kisichimbwe. Nasema kila siku inayookolewa kwa kujua la kufanya maji yanapopotea inaokoa kitu ambacho mji huu unakijua bei yake.

Hapo ndipo naona kiini cha kisa. Watu wengi hupima maendeleo ya uchimbaji kwa kasi ya biti: mita ngapi kwa saa. Ukizikagua ripoti za visima vya lava changa utaona wakati mwingi hauendi kwenye kuchimba. Unakwenda kwenye kusubiri simiti, kukwamua mabomba, kuvua, kusubiri kifaa kinachotoka Mombasa, kusubiri maji yajae kwenye bwawa. Saa hizi, ambazo biti haizunguki, ndizo darasa lenyewe. Na ndizo zinazoandikwa vibaya kuliko zote. Niliwahi kuonyeshwa ripoti ya siku ya rigi moja, ya nani si muhimu, ambayo kwa zamu nzima ilikuwa na mstari mmoja tu: mabomba yamekwama, yanafanyiwa kazi. Ni zamu nzima ya mashine ya mabilioni na watu wenye akili zao, na aliyekuja baada yao hakurithi hata neno moja la kumsaidia: yalikwama yakipanda au yakishuka? Maji yalikuwa yanarudi? Presha ilisemaje nusu saa kabla?

Jambo hili lina historia yake nje ya Kenya, na historia hiyo inatusaidia. Mwaka 1986 wahandisi wawili wa kampuni ya mafuta ya Amoco, Brett na Millheim, walichukua visima vilivyochimbwa kwa mfululizo kwenye eneo moja na kuchora siku za kila kisima. Walipata mkunjo unaoshuka: kisima cha kwanza kinachukua muda mrefu, cha pili kifupi kidogo, mpaka mkunjo unalala kwenye kiwango ambacho mbinu za wakati huo haziwezi kukivuka. Waliugawa mkunjo huo katika namba tatu. Moja inasema ulianza ukiwa umechelewa kiasi gani, nyingine inasema unajifunza kwa kasi gani, ya tatu inasema kikomo chako kiko wapi. Naipenda namba ya pili kuliko zote, kwa sababu haiuzwi dukani. Rigi bora inaweza kushusha kikomo. Kasi ya kujifunza inatoka kwenye namna kampuni inavyoishi: nani anazungumza na nani, nini kinaandikwa, nani anasoma kabla ya kisima kinachofuata. Na kuna kampuni ambazo mkunjo wao haushuki kabisa; kisima cha kumi kinarudia makosa ya cha kwanza.

Mwaka 2011 mwanauchumi Ryan Kellogg alichapisha utafiti juu ya visima vya mafuta vya Texas uliolichimbua jambo hili zaidi. Alitazama kampuni zenye visima na wakandarasi wenye rigi, ambao kule ni watu tofauti. Alikuta kwamba rigi inayodumu na kampuni moja huongeza ufanisi wake kwa kasi inayozidi maradufu ya ile ya rigi inayohamahama kutoka mteja hadi mteja. Uzoefu mwingine hauko kwa mkandarasi wala kwa mwenye kisima. Uko kati yao, katika mazoea ya kufanya kazi pamoja, na mkataba ukikatika unapotea bila mtu yeyote kuuiba.

Ukiutazama uamuzi wa GDC wa kununua rigi zake kwa jicho hilo, unaonekana tofauti na jinsi ulivyojadiliwa. Wakosoaji waliuliza bei: kwa nini kununua wakati unaweza kukodi? KenGen nayo, baada ya miaka ya kukodi, ilipata rigi zake mwenyewe Olkaria. Kwa hesabu ya shilingi kwa siku, kukodi kunaweza kuonekana nafuu. Lakini hesabu hiyo haina safu ya elimu inayobaki. Kijana aliyekuwa kwenye chekeche wakati wa visima vya kwanza vya Menengai, akibaki kwenye kampuni ile ile na rigi ile ile, siku moja ndiye drila anayesikia mrundikano kabla ya ndoano kusema. Naunga mkono uamuzi ule, kwa sharti moja: kumiliki rigi bila kutunza kumbukumbu ni kumiliki chuma tu.

Sasa turudi kwenye kioo.

Menengai haikuwa mahali pa kwanza duniani biti kugusa magma. Mwaka 2005, kule Puna, Hawaii, kisima cha mvuke kilikutana na mwamba ulioyeyuka karibu na mita 2,500. Mwaka 2009 huko Krafla, Iceland, mradi wa kuchimba kina kirefu ulikuwa umelenga mita 4,500. Ulipofika mita 2,100 mabomba yalikwama mara kadhaa, na chengachenga za kioo zikaeleza sababu. Waaisilandi hawakukifunga kisima mara moja. Walikiacha kipate joto, wakakifungulia, kikatoa mvuke mkavu wenye nyuzi 450 kinywani, wenye nguvu iliyokadiriwa kuweza kuzalisha takriban MW 36 kutoka shimo moja. Mwishoni kesingi na vali hazikustahimili. Hata hivyo dunia ilibaki na kitu: dalili za kukaribia magma zilikuwa zimeandikwa na kuchapishwa.

Habari hizo hazikuwa mbali na Wakenya. Tangu 1979 Iceland imekuwa na programu ya mafunzo ya jotoardhi, ambayo hadi 2019 ilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa na sasa iko chini ya UNESCO, na hakuna nchi iliyopeleka wanafunzi wengi kuliko Kenya. Kila mwanafunzi huandika ripoti ya kazi yake, na ripoti hizo ziko wazi kwa yeyote. Kozi fupi zimekuwa zikifanyika Naivasha kwa miaka mingi. Lakini habari kukufikia na habari kuingia kwenye programu ya kuchimba ni mambo mawili. Programu ya kisima ni karatasi yenye kina, ukubwa wa biti, kesingi na simiti. Ili Krafla imsaidie drila wa Menengai saa nane za usiku, lazima iwe mstari kwenye karatasi hiyo: ukipita mita 1,900, kasi ya biti ikipanda ghafla bila uzito kuongezwa, simama, inua, sampuli iangaliwe kwanza. Bila mstari huo, drila anaona kasi imepanda na anafurahi, kwa sababu kila kitu alichofundishwa kinasema kasi ni njema.

Thamani ya MW-04 kwa Menengai iko hapo. Baada yake, visima vingine katikati ya kaldera navyo vilikutana na kioo, kwenye kina cha karibu mita 2,000. Ukivitazama kimoja kimoja ni mikasa. Ukivipanga kwenye ramani vinakuwa ujuzi wa aina nyingine kabisa: sasa unajua paa la chumba cha moto liko wapi, na hilo hakuna mtambo wa kupima kutoka juu unaoweza kukuambia kwa uhakika huo. Katikati ya kaldera hakuna haja ya kuota mita 3,000. Mita 3,000 zina nafasi yake pembeni, mbali na paa hilo. Muundo uliotoka Olkaria ulikuwa umekutana na mpaka wake, na mpaka huo uliandikwa na mwamba.

Hapa sina budi kusema wazi kile kilichogharimu. Azma ya awamu ya kwanza ya Menengai ilikuwa MW 400. Kilichokuja kujengewa mikataba ni mitambo mitatu ya kampuni binafsi, MW 35 kila mmoja, na wa kwanza, wa Sosian, ulianza kazi 2023, miaka 12 baada ya biti ya kwanza kugusa lava. Sababu nyingi za kuchelewa hazihusiani na rigi kabisa. Ni mikopo, dhamana za serikali, na mazungumzo ya bei. Ila ningekuwa sisemi kweli kama ningedai mwamba haukuwa na sehemu yake. Visima vilivyochimbwa bila kupata mvuke wa kutosha, na siku zilizoliwa na kukwama, vilipunguza kile ambacho fedha ile ile ingeweza kununua. Shirika la IFC la Benki ya Dunia lilikusanya mwaka 2013 taarifa za visima zaidi ya 2,600 vya jotoardhi duniani. Wastani wa kufaulu ulikuwa karibu asilimia 78, lakini katika hatua ya kutafuta ulikuwa chini sana kuliko katika uwanja uliokwisha kuzoeleka. Anayepanga MW 400 katika uwanja mgeni kwa viwango vya uwanja uliozoeleka anajipa deni la kulipa baadaye.

Kuna watu wanaoamini dawa ni teknolojia mpya, na mfano wao wa siku hizi ni Utah, Marekani. Nao ni mfano mzuri, nami nautumia, lakini tuutumie wote. Kule, kwenye mradi wa utafiti wa FORGE na baadaye kwenye visima vya kampuni ya Fervo, biti zenye meno ya almasi ya kutengenezwa, zilizokuwa za wachimbaji wa mafuta, zilipelekwa kwenye mwamba wa granaiti uliodhaniwa kuwa mgumu mno kwao. Fervo ilitangaza mwanzoni mwa 2024 kwamba gharama ya kisima kimoja ilikuwa imeshuka kutoka dola milioni 9.4 hadi milioni 4.8, na muda wa kuchimba umepungua kwa asilimia 70 ukilinganishwa na kisima chao cha mlalo cha kwanza.

Wanaonukuu namba hizi huishia kwenye biti. Soma zaidi, utakuta mhandisi mkongwe wa mafuta, Fred Dupriest, aliyewafundisha watu wa FORGE utaratibu mmoja wa kuchosha: kila biti inapotoka shimoni ipigwe picha, jino kwa jino, iulizwe ni nini kilichoizuia kwenda kasi zaidi, kizuizi hicho kiondolewe, halafu kitafutwe kizuizi kinachofuata. Drila anapewa sababu za kimaumbile za kila anachokiona kwenye geji zake, na anaruhusiwa kujaribu. Utah pia wana bahati ya mwamba: granaiti yao ni moja, iliyoshikamana, kisima kwa kisima. Peleka biti ile ile kwenye lava ya Menengai iliyovunjika, na meno ya almasi, yanayopenda kukata mwamba ulio sawa na kuchukia kugongwa, yanaweza kumeguka kabla ya mchana. Biti ya koni tatu inayosaga taratibu ina sababu ya kuendelea kuishi kwetu kwenye mita za juu. Chini zaidi, kwenye trakaiti (mwamba wa lava) iliyoshikamana, jaribio la almasi lina maana, mradi kila jino lililomeguka liandikwe limemegukia wapi.

Kitu ambacho Menengai ilifanya vizuri, na hakisemwi vya kutosha, ni kuyaweka matatizo yake hadharani. Wahandisi vijana wa GDC waliandika Iceland ripoti kamili juu ya kukwama kwa mabomba na maji kupotea ndani ya kaldera. Wanajiolojia wake waliandika juu ya kile kioo, kwa picha na vipimo, pamoja na wenzao wa nje. Kampuni ya mafuta ingeyaficha hayo kwenye kabati. Mtu wa Ethiopia au Djibouti anayetaka kujua lava changa inamfanyia nini mchimbaji anaweza kuyasoma leo bila kumwomba mtu ruhusa. Kasoro ni kwamba ripoti ya chuo huandikwa na mhandisi, kwa Kiingereza, mwaka mmoja au miwili baada ya tukio. Drila na kijana wa chekeche, waliokuwapo, hawamo. Wakistaafu au wakiajiriwa kwingine, wanaondoka na nusu ya elimu.

Ndiyo maana nautazama uwanja wa Paka kwa hamu. Baada ya Menengai, GDC ilihamishia uchimbaji Baringo, kwenye volkano ya Paka, na maji ya kuchimbia yakavutwa kutoka Ziwa Baringo kupanda nyanda kavu. Wafanyakazi wengi ni wale wale. KenGen nayo imekwenda kuchimba kwa malipo nchini Ethiopia na Djibouti, ikiuza ujuzi wa Olkaria kwa wenye mwamba usio wa Olkaria. Kote huko hali ya Menengai 2011 inajirudia: watu wenye uzoefu, mwamba mgeni.

Kama ningepewa nafasi ya kuweka kitu kimoja kwenye mikataba na programu za visima hivyo, kingekuwa mkutano wa saa mbili mwishoni mwa kila kisima, kwenye kiwanja chenyewe kabla rigi haijashushwa, kwa Kiswahili, drila na vijana wa chekeche wakizungumza kwanza na mameneja wakisubiri zamu yao. Kila saa ambayo biti haikuzunguka isomwe: nini kilionekana nusu saa kabla, nini kilijaribiwa, nini kilifanya kazi. Yatakayopatikana yaandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa programu ya kisima kinachofuata, pamoja na kina ambacho mtu anaruhusiwa kusimamisha kazi bila kumpigia meneja simu. Gharama yake ni saa mbili za rigi. Simiti ya kuziba ufa mmoja wa Menengai husubiriwa kwa muda mrefu kuliko huo.